Mke Mwenza wa Kanisa Kuu

Mikono ya fundi chokaa haina siri. Chokaa hula ngozi, huipasua kwenye viungo vya vidole, huipausha, na huacha ukoko mweupe kwenye kucha usiotoka hata kwa dodoki. Siti alikuwa na miaka sita katika ndoa na Maftaha, na kila jioni ya miaka hiyo alimpaka mumewe mafuta ya nazi mikononi. Aliijua mipasuko ile kama alivyoijua njia ya kisimani. Kwa hiyo jioni moja ya mwezi wa saba, Maftaha aliporudi kutoka misheni, akakaa mkekani na kunyoosha mikono, Siti alichovya kidole kwenye mafuta, akakishika kiganja cha mumewe, akasita.

Kilikuwa laini kama cha mtoto mchanga.

"Leo hukufanya kazi?" aliuliza.

"Nimefanya."

"Na mikono?"

Maftaha aliitazama kana kwamba ameiazima. "Nimenawa," akasema, akairudisha mapajani.

Siti alisogea karibu, na hapo ndipo harufu ilipomfikia. Kwanza alijiambia ni ubani, maana kanisani hufukiza ubani. Lakini ubani aliujua. Huu ulikuwa udi, udi wa chumbani, ule ambao mwanamke huufukiza chini ya nguo anapomngoja mume, na ndani yake kulikuwa na asumini mbichi. Mtulwe nzima hapakuwa na mche wa asumini.

Walikuwa wageni pale Mtulwe, kama karibu watu wote. Mwaka uliotangulia, operesheni ya vijiji iliwakuta kwenye kitongoji chao cha pwani, upande wa Pande. Walipakiwa kwenye lori pamoja na kuku, vyungu na milango yao, wakashushwa huku juu kwenye ardhi nyekundu, ng'ambo ya Milola, ambako nyumba zilikuwa za miti na udongo, zimepangwa mistari kama mahindi. Fundi wa mawe na chokaa kuletwa kijiji cha namna hiyo ni sawa na kinyozi kuhamishiwa kwa wenye vipara.

Jengo la mawe lilikuwa moja tu. Lilisimama kilimani juu ya kijiji, na mtu aliyetoka mbali aliliona kabla hajauona moshi wa jiko lolote: kanisa kuu, lenye kuta za matumbawe nene kuliko urefu wa mkono, madirisha membamba yenye matao, na minara miwili, mmoja wenye kengele na wa pili ulioishia njiani tangu vita vya Wajerumani na Waingereza. Kiti cha askofu kilikwisha kuhamishiwa mjini zamani, lakini watu waliendelea kuliita kanisa kuu. Padre Kasiani, mtu wa Nyangamara na Mwafrika wa kwanza kuwa paroko pale, alitaka lipakwe chokaa upya kabla ya jubilei ya mwezi wa nane. Akamwomba mwenyekiti wa kijiji ampatie fundi. Maftaha akatolewa kwenye kazi za shamba la ujamaa, akapanda kilimani na mwiko wake. Siku ya kwanza alirudi akicheka peke yake kwa furaha. Alimweleza mkewe habari za matao yale, jinsi yalivyobebana bila msumari, na za boriti za mikoko zilizokuwa darini bila kuoza hata moja. Siti alifurahi naye. Hiyo ilikuwa wiki ya kwanza.

Ilipofika wiki ya nne, alikuwa akipalilia mikorosho ya kijiji na wanawake wenzake, Kijakazi akasogea kwenye mstari wake. Kijakazi alikuwa jirani yake, ukuta kwa ukuta, na hakuna lililompita.

"Siti," alinong'ona bila kuacha kupalilia, "mumeo bado anakula kwako?"

"Ale kwa nani kwingine?"

"Nauliza tu, mwenzangu. Huko misheni yuko mjane, anaitwa Stefania. Ndiye mpishi wa padre, na ndiye mwenye funguo za kanisa. Anashinda humo na mumeo kutwa nzima."

Siti aliendelea kupalilia. Lakini ni kweli Maftaha alikuwa haondoi hata nusu ya ugali. Alikuwa akisema ameshiba, na kweli alikuwa akinawiri, mashavu yakijaa, macho yaking'aa kama ya mtu mwenye homa. Siku za Alhamisi alichelewa kurudi mpaka jua lizame, na akirudi alikuwa ameoga. Alikuwa amepata tabia ya kukaa akiuelekea ukuta, na kwa ncha ya msumari akichora kwenye udongo vijumba vidogo vya mraba vyenye tao juu, safu juu ya safu. Siti alivifuta kwa udongo mbichi. Kesho yake vilikuwepo tena.

Kisha yakaja mambo ya nguo. Doti ya kanga aliyonunuliwa na Maftaha siku ya harusi, aliyoitunza sandukuni, aliikuta imepasuliwa katikati, kwa unyoofu kama iliyokatwa kwa wembe. Akaitazama ya pili aliyopewa naye, nayo vivyo hivyo. Zile alizojinunulia mwenyewe hazikuguswa. Na asubuhi moja alipochukua kitana chake, kilikuwa kimejaa nywele ndefu, nyeusi, zilizonyooka, nywele ambazo hapakuwa na kichwa cha kuzizaa kutoka Mtulwe hadi Lindi. Siti alizichomoa uzi mmoja mmoja. Hofu ilikuwepo, lakini si hiyo iliyomuuma. Alikuwa akimwona mwanamke huyo amekaa juu ya kitanda chake, miguu amekunja, akijichana nywele taratibu kwa kitana chake Siti, huku Maftaha akimtazama.

Alhamisi iliyofuata aliweka jembe chini saa nne, akasema tumbo linamuuma, akapanda kilimani.

Hakuwa amewahi kuingia kanisani. Mlangoni alivua ndara kwa mazoea, akaingia pekupeku. Jua la nje lilikuwa kali, na ubaridi wa mle ndani ulimshika vifundo vya miguu kama maji ya kisima. Nguzo zilisimama pande mbili, nyeupe, na juu yake matao yalishikana mikono mpaka mbele kwenye altare. Hapakuwa na mtu. Lakini kutoka upande wa kushoto, kwenye kikanisa kidogo cha pembeni chenye tao lake peke yake, alimsikia mumewe akicheka, kicheko cha chini, cha kifuani, ambacho kwa miaka sita alidhani anakijua yeye tu.

Kisha mwanamke akajibu, "Pumzika, fundi wangu. Umechoka."

Siti alishika nguzo. Ile sauti ilikuwa yake mwenyewe. Ilikuwa na ule mkwaruzo wa koo aliozaliwa nao, na neno "fundi wangu" alilolitumia wakiwa wawili tu.

Alisogea mpaka akaona ndani. Maftaha alikuwa juu ya jukwaa la miti, peke yake, uso wake karibu ugusane na ukuta. Ukuta ule haukuwa kama kuta nyingine. Ulikuwa umejaa zidaka, vile vijidirisha vipofu vya chokaa vinavyochongwa kwenye vyumba vya ndani vya majumba ya kale ya pwani, vya kuwekea marashi na vyombo vya bibi harusi: safu tatu, kila safu sita, kila kidaka na tao lake na nakshi zake. Ndivyo vile vile alivyokuwa akivifuta nyumbani. Maftaha alikuwa akivipapasa kwa kidole, kimoja baada ya kingine, na macho yake yalikuwa yamefumbwa.

Mkono ulimkamata Siti kwa nyuma, ukamziba mdomo, ukamvuta mpaka sakristia, chumba cha kuwekea mavazi ya padre.

Alikuwa mwanamke mzee, mnene, mguu mmoja mbovu, ananuka vitunguu. Funguo zilining'inia kiunoni. Siti alimtazama kwa muda, na chuki aliyokuja nayo kutoka shambani ikakosa mahali pa kukaa.

"Wewe ndiye Stefania?"

"Ndiye mimi. Na wewe ni mke wa fundi. Sema polepole, anasikia."

"Mume wangu?"

"Si mumeo," Stefania alisema.

Siti aliyekuwa ameapa kutomwamkia mwanamke yule alijikuta akisema, "Shikamoo, mama," na Stefania akaitika marahaba, akaketi juu ya sanduku la mishumaa, akamweleza.

Kanisa la kwanza la Mtulwe lilikuwa la miti na makuti, nalo liliungua wakati wa Majimaji. Mapadre wa Kizungu waliporudi walisema safari hii watajenga kwa mawe. Mawe ya kufaa hayakuwepo huku juu. Yalikuwepo pwani, kwenye gofu la jumba la kale karibu na hori la bahari, jumba ambalo wenyeji hawakukata kuni wala kuchunga mbuzi karibu yake. Wenyeji walisema tajiri mmoja alilijenga zamani za zamani kwa ajili ya bibi harusi, lakini kabla ya harusi chumba cha ndani kikapata mwenyewe. Kila mwari aliyeingizwa humo alitoka maiti au alitoka mwehu, na mwenye jumba mwenyewe hakutoka kabisa. Wazungu walicheka. Waliyabomoa mawe, wakayapandisha vichwani mwa wapagazi siku arobaini. Na mjenzi wao, alipouona ule ukuta wa zidaka, aliupenda, akaukata vipande, akausimamisha upya kwenye kikanisa cha pembeni ili kila kidaka kiwekwe sanamu ya mtakatifu.

"Aliyeusimamisha alikuwa fundi wa Kilwa, Huseni jina lake," Stefania alisema. "Baba yangu ndiye aliyemkorogea chokaa. Huseni alikuwa na mke na watoto. Alipomaliza ukuta hakurudi kwao. Walimkuta humo mchana wa Alhamisi, amekaa, amevaa kanzu safi, kichwa kimeegemea zidaka. Hana jeraha, hana ugonjwa. Baba alisema alikuwa ananukia asumini."

Siti aliikumbuka harufu ya mumewe pale mkekani.

"Mimi nimelitunza kanisa hili miaka ishirini na moja," Stefania aliendelea. "Sanamu ya Yosefu nikiiweka kidakani, inakaa. Antoni anakaa. Petro anakaa. Nikimweka Anna, au Agata, au Mama wa Mungu mwenyewe, asubuhi namkuta sakafuni, kalala kifudifudi, uso umesagika. Hataki mwanamke mwingine chumbani mwake."

"Na mimi?"

"Wewe ulikuwa mbali, hakukujua. Sasa ameshaijua sauti yako."

Padre Kasiani alikuwa mjini kwa maandalizi ya askofu, na hangerudi kabla ya Jumapili. Siti hakungoja. Alimtumia salamu shangazi yake, Bi Mwahija wa Pande, kwa dereva wa lori, na Jumamosi mchana Bi Mwahija akashuka barabarani na kikapu chake. Alikuwa mwanamke mwembamba, mkimya, aliyewahi kutoa vitu vya kutisha kwenye vichwa vya watu na hakupenda kuvizungumzia.

Alimkalisha Maftaha chumbani kwao, madirisha wazi, akawasha makaa kwenye chetezo. Alisoma kwa sauti ya chini. Kwa muda mrefu hapakuwa na kitu. Kisha mabega ya Maftaha yakalegea, kidevu kikainuka, na akajikunja miguu kando kama wanavyokaa wanawake wa zamani waliolelewa ndani. Alijitengeneza nguo zisizokuwepo begani. Alipozungumza, ilikuwa kwa sauti ya Siti.

"Nani aniitaye nyumbani kwa watu?"

"Mwahija binti Nassibu. Nawe ni nani, bibi?"

"Mwenye chumba."

"Unataka nini kwa huyu kijana?"

"Amekitengeneza chumba changu. Kila kilichovunjika amekiunga. Hakuna aliyenishika kwa mikono mizuri namna hii tangu Huseni." Macho yakahama, yakatua kwa Siti, yakamkagua kuanzia vidole vya miguu. "Huyu ndiye mdogo?"

"Mdogo gani?" Siti alisema.

"Mke mdogo. Mimi ni mkubwa. Nilikuwepo kabla mama wa mama yako hajazaliwa. Miaka sita umelala naye, mtoto hata mmoja hujamzalia, na bado unaniletea uso wa mwenye nyumba."

Siti alihisi damu ikimpanda masikioni. Bi Mwahija alimshika goti, asisimame.

"Mwenye chumba," Bi Mwahija alisema kwa upole, "wake wenza wana kanuni. Sema unachotaka, tusikilizane."

"Nataka zamu yangu. Alhamisi, kuanzia adhuhuri mpaka magharibi. Siku hiyo asimguse, asimwite, asimfulie. Siku nyingine zote namwachia."

Bi Mwahija alimgeukia Siti, akamnong'oneza sikioni, "Kubali. Mwanangu, kubali. Ni nusu siku. Nimewaona wanaotaka roho. Huyu anataka heshima yake tu. Ukimpa, atakaa huko kwake kilimani na mumeo atazeeka."

Siti alimtazama mumewe, macho yake yasiyokuwa yake, na lile tabasamu la pembeni. Alifikiria Alhamisi moja, na nyingine, na nyingine, yeye yuko shambani anapalilia huku anajua saa hizo ni za nani.

"Simpi," alisema. "Simpi hata saa moja."

Makaa yalizimika yenyewe, yote kwa pamoja.

"Basi," ile sauti ilisema, "nitachukua zote."

Maftaha alianguka ubavu. Alipozinduka hakukumbuka kitu, aliomba maji, akalala. Bi Mwahija alifunga kikapu chake bila kumtazama mpwa wake. "Mimi nimemaliza," alisema. "Uliloniitia nimelifanya. Jibu ulikuwa nalo wewe." Alilala kwa Kijakazi, na asubuhi alikwenda kungoja lori la Jumapili.

Asubuhi hiyohiyo Maftaha hakuwepo. Mwiko haukuwepo, wala ndoo, wala kanzu yake ya Idi.

Waumini walikuja na kuondoka, maana Padre hakuwa amerudi na misa haikusomwa, na hakuna aliyemwona fundi. Ilikuwa karibu saa sita, jua la utosi, saa ambayo hata mbwa wa Mtulwe walikuwa wamelala chini ya maghala, ndipo Stefania alipokuja akichechemea mpaka mlangoni kwa Siti, akaonyesha kilimani kwa mkono.

Tao la kikanisa cha pembeni lilikuwa limezibwa. Ukuta mpya wa mawe ulikuwa umepanda kutoka sakafuni hadi kifuani mwa mtu, mistari imenyooka, chokaa bado mbichi, na nyuma yake, upande wa ndani, alikuwa amesimama Maftaha katika kanzu yake nyeupe, akijenga. Alichukua jiwe, akalipaka chokaa, akaliweka, akaligonga kwa mpini wa mwiko mara tatu, akachukua jingine. Mawe hayakuonekana yanatoka wapi. Mikono yake ilikuwa safi.

"Maftaha," Siti aliita.

"Nakuja, Siti," Maftaha alijibu. Lakini hakugeuka kwake. Aligeukia ndani, kwenye zidaka, na sauti ya Siti ikamwambia kutoka humo, "Maliza kwanza mlango, fundi wangu."

Aliweka jiwe. Ukuta ukafika mabegani.

Stefania alikuwa amepiga magoti, rozari mkononi, midomo inamcheza. Siti hakuwa na rozari, na zile aya chache alizojua zilimtoka kichwani zote. Aliona nyundo ya mumewe kando ya nguzo, ile nzito ya kuchongea mawe, akaiokota, akakunja kanga mpaka magotini, akaukwea ukuta ule mbichi, chokaa ikimchoma nyayo na mapaja kama upupu wa moto, akajitupa ndani kwenye harufu ya asumini iliyokuwa nzito mno hata ilikuwa kama kuzama kwenye mafuta, na Maftaha akamtazama kama mtu amtazamavyo mgeni aliyeingia bila hodi, akasema kwa huruma, "Dada, hapa kuna mwenyewe," na neno lile, dada, ndilo lililoinua nyundo.

Alipiga kidaka cha kwanza na tao lake likamwagika kama sukari, na sauti yake mwenyewe ikalia kutoka kwenye kile cha pili, ikasema miaka sita, Siti, miaka sita, akakipiga cha pili, ikahamia cha tatu ikasema unadhani alikuwa anacheka hivyo na wewe, akakipiga cha tatu, na cha nne, na safu yote ya chini, vumbi limemjaa machoni na puani, na kila alipovunja sauti ilipanda juu zaidi, ikimweleza mambo ambayo hakuwahi kumwambia mtu, kwamba alimwonea wivu hata mama yake Maftaha mpaka akafa, kwamba alilionea wivu kanisa hili tangu siku ya kwanza aliporudi akilisifia, kwamba wao wawili ni kitu kimoja, yeye na mwenye chumba, na ndiyo maana sauti imekaa vizuri kooni, na Siti alipanda kwenye jukwaa akaipiga safu ya katikati, akaipiga ya juu, akilia bila kujua analia, mpaka kidaka cha mwisho, ambacho ndani yake kulikuwa na kitana cha pembe na nywele ndefu zimekizunguka, akakipiga pamoja na kitana chake, na kanisa zima likanyamaza.

Nyuma yake Maftaha aliuangusha mwiko. Ulipiga kelele kubwa sakafuni.

"Siti," alisema. "Mbona mikono inaniwasha hivi?"

Wakamtoa juu ya ukuta, Siti akisukuma na Stefania akivuta, na alipofika nje juani alikaa kwenye ngazi akaomba chakula.

Padre Kasiani alirudi jioni. Alisimama mbele ya kile kifusi muda mrefu, Stefania akimweleza kwa sauti ndogo. Hakumgombeza mtu. Alisema tu kwamba kazi ya miaka mia kadhaa imekwenda, akaagiza ukuta upakwe uwe mweupe mtupu, na kwa kuwa Maftaha mikono ilimvimba hata hakuweza kushika mwiko, ulipakwa na vijana wa kijiji, vibaya vibaya. Siku ya jubilei askofu alibariki kikanisa kile, na sanamu ya Mama wa Mungu ikasimamishwa humo juu ya meza. Asubuhi Stefania alikwenda kutazama huku ameshika ukuta. Sanamu ilikuwa imesimama. Kesho yake pia. Alishuka kijijini kwa mguu wake mbovu kumletea Siti habari, na wanawake wale wawili walikaa jikoni wakala mihogo, wakacheka kama ndugu.

Mikono ya Maftaha ilipasuka tena, na Siti aliipaka mafuta. Maftaha alikula. Alimwita kwa jina lake. Alirudishwa kwenye shamba la kijiji, na hakulitazama tena kanisa wakipita chini yake. Siti alikuwa mwanamke mwenye furaha kwa siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili Bi Mwahija alipita tena, akielekea kwenye msiba Milola. Alisikiliza kisa chote, kisha akauliza, "Ulipoivunja nyumba yake, ulimwambia aende wapi?"

"Sikumwambia kitu, Shangazi. Nilivunja."

Bi Mwahija alikitazama chumba, kitanda, mlango wa ndani. Alinusa hewa. Kisha akainuka kabla chai haijamiminwa. "Rudi nami Pande," alisema. "Mwache mwanamume huyu. Leo hii."

"Nimwachie nani?" Siti aliuliza.

Shangazi yake alimtazama, akajifunga ushungi, akaondoka peke yake.

Ilikuwa Alhamisi. Adhuhuri Maftaha alirudi kutoka shambani mapema, akasema amechoka, akaingia chumbani. Siti alikuwa jikoni anapuliza moto. Alimsikia akiita, "Siti." Akainuka aitike, mdomo wazi, na kabla hajatoa neno akajisikia akiitika kutoka chumbani, kwa sauti yake, yenye ule mkwaruzo, "Abee, fundi wangu." Mlango ukafungwa taratibu kwa ndani.

Alisimama hapo na kipande cha kuni mkononi. Angeweza kuupiga ule mlango. Ulikuwa wa mbao nyepesi. Lakini nyumba nzima ilikuwa ya mwenye chumba sasa, kuta zote nne, na hapakuwa na kuta nyingine ambako angemfukuzia. Alisikia kile kicheko cha chini, cha kifuani. Akauweka ule ukuni motoni. Akachukua jamvi, akatoka nje, akalitandika barazani kwenye kivuli, akaketi, akaziba masikio kwa viganja.

Kijakazi alipita na ndoo ya maji kichwani, akasimama.

"Siti, jua lote hili, mbona umekaa nje ya nyumba yako?"

Siti alishusha mikono. Alitazama kivuli cha paa, akapima kimebakisha kiasi gani kufika magharibi.

"Leo si zamu yangu," alisema.